Jumapili ya Wasiopenda Kanisa

Rugarama, karibu na Kashuga,
Masisi.
Tarehe 21 Septemba 1969

Mpendwa mdogo wangu Béata,

Salamu nyingi zitoke hapa kilimani zishuke mpaka msituni kwenu Buleusa. Nakusalimu kwa jina la Yesu, na nakusalimu pia kwa jina la Papa, maana baba yetu ameketi hapa karibu na moto na kila nikiinua kalamu ananiuliza kama nimeshaandika salamu zake. Nimeziandika. Sasa labda ataniacha.

Je, hujambo? Jean-Marie hajambo, na kile kikohozi chake kimepona? Watoto wanakula vizuri? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Goti la Papa linamsumbua kila mvua ikikaribia, lakini mdomo wake hauna ugonjwa hata kidogo. Maharage ya msimu uliopita yalikubali. Mihogo ya bondeni ililiwa na nguruwe wa mwitu, na iliyosalimika tukawaibia nguruwe wenyewe, yaani tuling'oa mapema.

Huyu Damascène anayekuletea barua hii ni mchuuzi wa maharage, mwana wa jirani yetu Mama Nyiransabimana. Mpe maji ya kunywa na mahali pa kulala, na usimwache aondoke bila jibu. Sababu utaiona mbele.

Sasa keti chini, maana nina habari za kanisa. Najua unavyolichukia neno hilo. Tafadhali usiichane barua kabla ya kufika mwisho.

Nyumba yetu ina watu wawili wasiotaka kusikia kengele ya kanisa, wewe na Papa. Sikukumbushi ili nikuumize. Mwaka ule wa uhuru, mwanao wa kwanza alipofariki kabla ya kupata maji ya ubatizo, Padri wa zamani alisema hawezi kulazwa kwenye makaburi ya Wakristo, na Papa akamzika kwa mikono yake nje ya ua. Wewe ukashuka Buleusa, hukurudi. Papa alibaki hapa, lakini tangu siku ile hajapita mbele ya mlango wa kanisa. Hata akienda sokoni huzungukia mtoni, na goti lake lile, na sisi sote tunasema mzee Nzabandora ana kiburi.

Basi, mwezi wa sita tuliletewa padri mpya, Abbé Edmond. Ni Mkongo mwenzetu, kijana, anatoka huko chini ya Bukavu, na amerudi kutoka seminari na mawazo ambayo mimi sikuwahi kuyasikia tangu nibatizwe. Hakuanza na sisi tulio kanisani. Alianza na wasiokuja. Alipanda kilima nyumba kwa nyumba, akaketi penye moto wa kila mtu anayetuchukia, akawauliza kwa nini. Na wao, kwa kuwa mdomo haulipiwi, wakamwambia. Mahubiri ni marefu. Magoti yanauma. Katekista anadai kadi ya ubatizo mlangoni. Kiko hakiruhusiwi. Abbé alicheka nao, akakubali kila kitu.

Mimi nilifikiri anawapoza tu. Kumbe, Béata, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Siku ya soko la Kashuga nilikuwa nachagua chumvi nikasikia sauti ninayoijua. Ilikuwa ya Gustave, katekista wetu, yule anayetutolea macho tukikohoa wakati wa misa. Alikuwa amesimama juu ya kreti tupu katikati ya wauza nyama, ameshika bati lililokunjwa mdomoni, anapiga kelele:

“Weye mwenye haupendi kanisa, kanisa yako njo hii. Hatutakuuliza carte. Hatutakupikisha magoti. Mahubiri itakuwa mufupi sawa mukia ya mbuzi. Siku ya Mungu yenye kuya, njo siku ya wenye hawapendi kanisa. Na pombe iko.”

Chumvi ilinimwagikia miguuni na muuzaji akataka niilipe. Pombe, Béata, ndani ya nyumba ya Mungu. Kanisa linanadiwa sokoni kama samaki wa kukausha.

Nilimwendea Abbé siku ileile. Nikamwambia kwa heshima, lakini bila kuficha: “Abbé, wanywaji wakiingia humu, nani atawatoa?” Akacheka. “Mama Rosalie, weye uko ndani tayari. Mimi niko natafuta wale wa inje.” Halafu akaniomba, mimi mkubwa wa wamama wa kanisa, siku hiyo tuwaachie wageni viti vya mbele, sisi tusimame nyuma. Nilienda nyumbani nikapiga fagio ua mzima kwa hasira mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani.

Abbé alimwagiza Mama Nyiransabimana apike kasiksi, ile pombe ya ndizi, chungu kimoja kikubwa chenye mirija mingi, si vikombe, ili watu wanywe pamoja. Kisha akapita tena nyumba kwa nyumba. Alifika hata kwetu. Nilikuwa jikoni nikasikia vizuri anavyomwambia Papa: “Papa Nzabandora, najua uko na kasirani na kanisa. Siku ya Mungu ukuye kwangu. Pombe iko.” Papa akauliza: “Weye mwenyewe njo unaniita?” Abbé akasema ndiyo. Papa akasema: “Nitakuya.”

Nilijua Papa hana tamaa ya pombe. Nikadhani uzee umeanza kumchezea.

Jumapili ilipofika nilimkuta amenawa mwili wote, amevaa lile koti jeusi la mazishi ya Mama, ameshika fimbo yake. Alikuwa anamngoja Papa Sebahire amsindikize. Huyo Sebahire unamjua, mzee wa kiko, hajakanyaga kanisa tangu tukiwa wadogo. Nikamuuliza Papa kama kweli anakwenda kwa ajili ya pombe.

“Juu ya pombe,” alisema. “Na Sebahire njo shahidi yangu.”

Ni hilo neno shahidi lililonirudishia akili. Umekaa msituni muda mrefu, lakini hili huwezi kuwa umelisahau. Hapa kwetu mtu uliyekosana naye humwiti kwenye chungu chako kwa mchezo. Aliyekosa ndiye anayepikisha pombe. Anamwendea mwenzake nyumbani, anakubali mbele yake kwamba kasirani iko, anamwita. Chungu kinawekwa katikati. Aliyekosa anakunywa kwanza, halafu anataja kosa lake mbele ya mashahidi, kisha analipa atakachoambiwa. Hapo tu ndipo aliyekosewa anashika mrija. Wazee wanaiita icyiru, na hakuna anayeichezea.

Sasa fikiria alichokifanya Abbé. Amepikisha pombe. Amekwenda kwa kila aliyelikasirikia kanisa. Amesema maneno yaleyale, katika mpango uleule. Yeye, mtu wa mbali, alidhani anawavuta watu kwa kitu wanachokipenda. Kilima kizima kilisikia kwamba kanisa linakuja kukiri makosa. Mama Nyiransabimana alisonga zile ndizi huku machozi yanamtoka. Gustave alidhani Abbé anajua anachofanya, akaogopa kumuuliza padri swali la kijinga. Mimi niliyekuwa na macho na masikio niliona ulevi tu.

Nilikimbia kanisani nikimtangulia Papa, nikitaka kumwonya Abbé. Nilichelewa. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Walevi walikuwa wachache, na hata hao walikuwa wamenawa. Walikuja wazee ambao sikuwahi kuwaona ndani ya zile kuta, kila mmoja na fimbo yake, kila mmoja na shahidi wake. Walikaa kimya viti vya mbele, mikono juu ya magoti. Abbé uso ulimwaka kwa furaha. Alinipita akaninong'oneza: “Umeona, Mama Rosalie?” Nilikuwa nimeona. Nilijaribu kumshika kanzu, akawa ameshafika altareni.

Alipiga ngoma yeye mwenyewe. Mahubiri yalikuwa mafupi kweli, kama mkia wa mbuzi. Kisha wanaume wawili wakaleta kile chungu, wakakiweka chini mbele ya altare, na mirija ikasimama ndani yake.

“Mukunywe, Wapapa,” Abbé alisema. “Iko ya bure.”

Hakuna aliyesogea. Abbé akadhani wanaona haya. Akatania kidogo, akasema Bwana Yesu mwenyewe hakukataa harusi. Hakuna aliyecheka. Basi Abbé, ili kuwapa moyo, akainama, akashika mrija, akanywa kwanza.

Kanisa zima likashusha pumzi. Papa akasimama.

“Vizuri,” alisema. “Umekunywa. Sasa sema.”

“Niseme nini, Papa?”

“Kosa yenye mulitufanya. Pombe ya kasirani hainywewi bila maneno.”

Béata, nilitamani ardhi inimeze. Abbé alitazama chungu, akatazama wale wazee na mashahidi wao, na furaha ikamtoka usoni polepole. Gustave alimsogelea akamnong'oneza, na alinong'ona kwa muda mrefu. Nilingoja Abbé aseme kwamba kumetokea kutoelewana, kwamba hii ilikuwa sherehe tu, karibuni mnywe mwende kwa amani. Padri wa zamani angewafukuza kwa mjeledi. Na kama Abbé angesema hivyo, naapa Papa asingelisamehe kanisa hata kaburini kwake.

Abbé aliwageukia wale wazee. Halafu akasema: “Mimi sikukuwa hapa ile wakati. Siwezi kusema kosa yenye sijui. Papa, unionyeshe.”

Papa akageuka akatoka. Abbé akamfuata na nguo zake za misa, na sisi wote nyuma yao. Papa alizunguka makaburi, akatoka nje ya ule ua wa miti ya miyenzi, akashika njia ya mbuzi inayoteremka mtoni.

Nilidhani tutakuta magugu tu. Béata, dada yangu, kaburi lilikuwa safi. Lilikuwa limepaliliwa kama bustani ya maharage, limezungushiwa mawe meupe ya mtoni, na mbuzi walikuwa wamewekewa vijiti vya kuwazuia wasilikanyage. Mawe mengine yalikuwa ya zamani, yameota ukungu, na mengine bado yalikuwa na mchanga wa mto. Ndipo nilipoelewa kwa nini Papa huzungukia mtoni akienda sokoni. Sisi tulisema anaukimbia mlango wa kanisa. Kumbe alikuwa na mtu wa kumsalimia.

Nililia hapohapo, mbele ya watu, sikuficha uso.

Abbé akauliza nani amelala hapo. “Mutoto ya binti yangu,” Papa alisema. “Tuliita maji ya ubatizo, maji ikachelewa. Padri akasema huyu haiko mutu wa kanisa, akae inje na mbuzi.”

Abbé aliketi chini. Nakuambia aliketi, kwenye tope, na kanzu nyeupe. Akasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia: “Mutoto hakukosa kitu. Sisi njo tulikosa. Kanisa ilikosa.”

Papa akamgeukia Sebahire. “Umesikia?”

“Nimesikia,” Sebahire akasema, na kiko chake mdomoni.

Nilidhani imekwisha. Lakini unamjua Papa, hafanyi jambo nusu. Alimwambia Abbé kwamba maneno ni mazuri, sasa alipe. Abbé akauliza alipe nini. Papa akainua fimbo akaonyesha ule ua wa miyenzi.

“Ile lupango isogee.”

Hakuna aliyebisha. Gustave alikwenda mbio akaleta majembe. Nami, Rosalie, ninayewakemea watu wakichota maji mengi siku ya Bwana, nilishika jembe Jumapili nikachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wanaume walikata miyenzi ya zamani, utomvu ukawarukia, Abbé ukamwingia jichoni akawa anachimba na jicho moja. Tulichomeka upya vipande vyake kwa mstari mwingine, unaopita ng'ambo ya kaburi, karibu kabisa na mto. Mvua imeshaanza huku, na miyenzi yote imeshika.

Kisha tulirudi kanisani, wachafu wote. Papa alikiendea chungu, akashika mrija, akanywa kidogo, akafuta mdomo, akampisha Abbé. Halafu akachukua fimbo yake akaenda nyumbani.

Usidhani ameokoka. Jumapili iliyofuata nilimpigia pasi lile koti, akaniuliza nani amekufa. Abbé mwenyewe alikuja kumuuliza kama atamwona tena kanisani. Papa akamwambia: “Tulikuwa na maneno, imeisha. Sasa ninaweza kukusalimia mu njia.” Abbé alicheka. Alitaka kujaza viti, amepata salamu ya njiani. Ila siku hizi Papa akienda sokoni anapita mbele ya mlango wa kanisa, na akirudi anazungukia mtoni. Hiyo ndiyo dini yake, nami nimeacha kumsumbua.

Wale wazee wengine nao hawakusahau kilichowaleta. Kila wiki anakuja mmoja na shahidi wake. Sebahire alidai kwamba katekista wa zamani alimvunjia kiko mbele ya wakwe zake, na Abbé akamtafutia kiko kipya, akakitoa mbele ya watu. Mama Nyiransabimana hapumziki kupika. Wamama wenzangu wamegawanyika. Wengine wanasema ni haki, wengine wanasema tumemkaribisha shetani na mirija yake. Mimi sijui. Pombe ndani ya kanisa bado inanitisha. Lakini kaburi limeingia ndani, nalo liliingizwa na hicho chungu. Nifanye nini na hayo mawili? Nimeshika tama.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Siku ile tulipokuwa tunachimba, Abbé alimuuliza Papa jina la mtoto, ili walikate kwenye msalaba. Papa alisimamisha jembe. Alisema mtoto alikufa kabla ya siku ya kupewa jina mbele ya watu, lakini hakuna mama anayebeba mimba miezi yote hiyo bila kuwa na jina moyoni. Alisema: “Mama yake njo analijua. Hakuna mutu alimuuliza.”

Gustave alitaka kuandika tu kwamba ni mtoto wa Béata. Papa alikataa kabisa. Alisema ana jina lake. Basi msalaba umechongwa, umesimikwa, na katikati yake mbao iko tupu inakungoja wewe. Watu wanaopita wanauliza, na Papa anawajibu kwamba jina liko njiani, linatoka Buleusa.

Kwa hiyo nakuuliza, mdogo wangu, na naona aibu kwamba swali hili linakuja wakati miyenzi imeshakatwa. Ulikuwa unamwita nani? Mwambie Damascène, atalileta. Lakini kama unaona jina la mtoto si la kupewa mchuuzi wa maharage, lilete mwenyewe. Njia ni nzuri mpaka mvua kubwa zianze. Hakuna atakayekuvuta kanisani. Papa amenituma neno moja tu la kukuambia, nalo ni kwamba lupango imesogea.

Wasalimie wote wa huko, msalimie Jean-Marie na mama yake. Huku Mama Nyiransabimana anakusalimia, Papa Sebahire anakusalimia na kiko chake kipya, Gustave pia, na Abbé Edmond ambaye hujamwona anakuomba radhi. Mungu awafunike nyinyi nyote kwa mkono wake, awape mavuno na usingizi mzuri.

Wabusu watoto wako wadogo kwa niaba yangu. Mkubwa wao mwachie Papa. Anamsalimia kila siku ya soko, na siku hizi hata Abbé humvulia kofia akipita.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,

Rosalie